Nilivyotafsiri "black hole" kule Newala, kijiji kizima kikaja na majembe

Wakuu, salaam kwenu.

Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo nimeona nitue mzigo. Hii siyo chai. Ilinitokea mwenyewe, na kuna sehemu nitaonekana mjinga. Hizo ndizo za kuamini zaidi, maana hakuna mtu anayejitungia ujinga wa namna hii.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Vyama vingi ndiyo kwanza vimeingia, wanunuzi binafsi wa korosho wameanza kupanda na mizani zao, na soko la Masasi limejaa mitumba mpaka mwalimu unavaa suti ya Mzungu aliyekuwa mnene mara mbili yako.

Mimi ndiyo nimemaliza chuo. Mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Masasi, Mmakua. Nikapangiwa sekondari moja huko juu Newala, upande wa Makote.

Kwa msiopajua: Newala iko juu, nchi ya Wamakonde, hewa safi, mikorosho mpaka macho yachoke. Kinachokosekana ni maji. Maji yako bondeni. Mama anatoka na ndoo alfajiri, anateremka, anajaza, anaupanda ule mlima, anafika nyumbani jua limeshakuwa kali. Nilijifunza kuoga kwa makopo mawili, na la pili nilikuwa nalionea aibu.

Tuendelee.

Mwezi wa kumi hivi, korosho zinaokotwa, mkuu wa shule akaniita. Kuna watafiti wanne wanatoka chuo kikuu, wanazunguka vijijini kuwaeleza wananchi tafiti zao. Kazi zangu ni mbili: kumjulisha mwenyekiti wa kijiji, na siku yenyewe kutafsiri. Siyo Kiingereza, wakuu. Kutafsiri Kiswahili cha chuo kikuu kuwa Kiswahili cha watu.

Nikapewa orodha: mtaalamu wa homoni, mtaalamu wa ubora wa vyakula, mtaalamu wa black hole, na mtaalamu wa uhandisi wa mashambani.

Kwenye barua ya mwenyekiti, ile ya tatu nikaandika "shimo jeusi". Nilijisikia msomi kweli.

Mwenyekiti tumwite Mzee Hamisi. Siyo mzee sana, mwenye masharubu na baiskeli. Nilimkuta kwake nikamwamkia, nikamsomea barua, na alipouliza hilo shimo jeusi ni nini, nikamwelezea mchana kutwa. Nyota kubwa inakufa, inajikunja, inakuwa nzito hata mwanga hauchomoki. Nilimchorea ardhini kwa kijiti. Aliitikia kwa kichwa, akasema ameelewa, akaniomba ile barua abaki nayo.

Siku moja kabla ya wageni, natoka darasani naona barabara ya kuja shuleni imefyekwa. Akina mama wanafagia uwanja wakiimba. Wanaume wamekaa pembeni wananoa majembe.

Nikamuuliza mama mmoja, Mama Salumu, ambaye nilikuwa nanunua mihogo kwake, kuna nini. Akashangaa mwalimu mzima sijui. Akasema mbiu imepigwa mpaka kijiji cha Mnyambe: kesho wanakuja wataalamu wa shimo. Kijiji kimepata kisima.

Neno "jeusi" lilikuwa limedondoka njiani.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo, wakuu. Ningeweza kusema palepale. Nilikuwa na jioni nzima. Lakini watu ambao tangu nifike walikuwa wananiita "yule Mmakua" siku hiyo walinishika mkono wakaniita Mwalimu. Mama Salumu mwenyewe akaniletea jogoo nyumbani, akasema nimeleta heri.

Nikamla yule jogoo.

Kesho yake Landrova ikafika imejaa vumbi. Watu walikuwa kama wa sikukuu. Watafiti walifurahi sana, mmoja akaniambia hawajawahi kuona wananchi wenye mwamko wa sayansi namna hii. Nikacheka kidogo, jasho linanitoka mgongoni ndani ya ile suti.

Akaanza bwana wa homoni. Utafiti wake ulikuwa kwa nini mbuzi wengine huzaa pacha na wengine mmoja. Alizungumza dakika ishirini, mimi nikafupisha: homoni ni kama mabalozi wa nyumba kumi, wanapeleka taarifa kutoka kiungo hiki kwenda kiungo kile. Nilijiona nimepatia.

Babu mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, kwa kuwa sasa kuna vyama vingi, hao mabalozi wa mwilini ni wa chama gani, na kama mtu akihama chama mbuzi wake watazaaje.

Bwana wa homoni alitafakari, akajibu kwamba utafiti bado unaendelea.

Akafuata bwana wa ubora wa vyakula. Huyu walimpenda, kwa sababu aliongelea korosho, na kila mtu pale alikuwa na hasira na wanunuzi waliokuwa wanasema "daraja la pili" kabla gunia halijafunguliwa. Akasema kuna njia rahisi ya kujua korosho mbovu: zitie kwenye maji, nyingi zinazoelea zina kasoro ndani. Akaomba ndoo ya maji.

Mama Salumu akainuka akaleta ndoo yake. Alikuwa ameiteka asubuhi ile kwa ajili ya kuwapikia wageni.

Bwana wa ubora akamimina korosho, nyingine zikaelea, nyingine zikazama, watu wakapiga makofi. Akaokota zake. Halafu, wakuu, yule bwana akaiinua ile ndoo akamwaga maji chini.

Hata watoto waliacha kunyonya. Maji yakanywewa na mchanga, likabaki doa tu.

Mama Salumu hakupiga kelele. Aliichukua ndoo yake, akaitazama ndani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Si kitu. Leo tunapata kisima."

Bwana wa ubora akanigeukia. "Kasema kisima gani?"

Nikamwambia nitamfafanulia baadaye.

Akaitwa sasa mtaalamu wa tatu, Dokta Neema. Dada mwembamba wa miwani, Mchaga nadhani, mpole. Alipotajwa tu kuwa ndiye wa shimo, uwanja ulilipuka. Vigelegele. Wanaume wakasimama na majembe yao. Dokta Neema akatabasamu kama mtu anayeota.

Akaanza kueleza. Nami nikatafsiri, lakini kwa mara ya kwanza maishani nilitafsiri polepole nikiomba mvua inyeshe.

Mzee Hamisi, kwa heshima zote, akauliza shimo lenyewe litakuwa upande gani.

Dokta akasema yako mengi, ila la karibu liko mbali mno.

Mama mmoja akauliza kama ni mbali kuliko bondeni.

Dokta akasema ni mbali kuliko jua.

Watu wakaangaliana. Mwingine akauliza kina chake. Dokta akasema hakuna ajuaye, kila kinachoingia humo hakirudi, hata mwanga. Hapo Mama Salumu akasimama tena.

"Mwanangu," akamwambia Dokta, "lina maji au halina?"

Dokta Neema akaniangalia. Aliona majembe. Aliona ile ndoo tupu. Nadhani ndipo alipoelewa yote. Akamjibu yeye mwenyewe, bila kunisubiri: "Halina, mama."

Hakukuwa na fujo, nisiwadanganye. Vijana kama kumi tu waliondoka taratibu wakaenda kukaa mbele ya Landrova, mgongo kwenye bampa, wakatoa bao wakaanza kucheza. Dereva akawaomba wasogee. Wakamwambia kwa adabu kwamba wageni hawajala.

Ikabidi niseme. Nikasimama mbele ya watu wote nikakiri kwamba nilijua tangu jana, nikanyamaza kwa sababu nilipenda kuitwa Mwalimu. Nikasema na jogoo nimemla. Wengine waliguna. Babu wa mabalozi akasema kwa Kimakonde kitu ambacho sikukielewa ila kila mtu alicheka, na kilikuwa na neno "Mmakua" ndani yake.

Wakati huo mtaalamu wa nne hakuna aliyemkumbuka. Uhandisi wa mashambani, nani anajua ni nini? Injinia alikuwa mtu mkimya anayeona haya, hotuba zilipoanza yeye alikuwa anazunguka madarasa na futi ya utepe. Tulidhani anatafuta choo.

Dokta Neema akamfuata kumuuliza anapima nini. Wakachuchumaa mchangani, Dokta anapiga hesabu kwa kijiti, Injinia anamtajia vipimo. Paa la madarasa yetu lilikuwa la bati, refu. Hesabu ikaja: mvua ya msimu mmoja ikikusanywa kutoka paa lile inajaza shimo kubwa kuliko darasa.

Injinia ndipo akazungumza, akiangalia viatu vyake. Alisema utafiti wake wote ni wa mambo hayo, mashimo ya kuhifadhi maji ya mvua, amechora ya kila aina, ila hajawahi kupata watu wa kuchimba hata moja.

Mzee Hamisi akawatazama wale watu wote na majembe yao. "Basi," akasema, "tuonyeshe pa kuanzia."

Wakaanza siku ileile. Dokta Neema naye alishika jembe, akapata malengelenge kabla jua halijazama. Gari iliondoka kesho yake na wataalamu watatu. Injinia alibaki kwangu wiki nne, na kwenye yale makopo mawili ya kuoga tukagawana.

Msidhani mambo yalikwenda kama hadithi. Saruji ilikuwa ya darasa ambalo halijamalizika, mkuu wa shule alinuna mwezi mzima. Mvua ya kwanza ilileta maji yenye uchafu wa popo, ikabidi bwana wa ubora aandike barua kutueleza kwamba ya mwanzo huachwa yapite. Mwaka wa kwanza shimo lilivuja, tukalipiga lipu upya. Mwaka wa pili likashika.

Mama Salumu ndiye aliyeteka ndoo ya kwanza. Alipofika kwangu akaniwekea kopo moja mlangoni, akasema heri imefika, deni la jogoo limekwisha, sasa tumemalizana, nisimwonee haya tena.

Miezi kadhaa baadaye nilimwomba radhi Mzee Hamisi kwa kutomwelewesha vizuri ile siku ya barua. Akanishangaa. Akasema alielewa kila kitu, nyota inakufa, inajikunja, mwanga hautoki.

Nikamuuliza kwa nini basi alitangaza "shimo" tu, bila "jeusi".

"Mwalimu," akasema, "ningetangaza nyota, nani angekuja na jembe?"

Funzo nililopata: kama unawasemea watu mbele ya wasomi, jambo gumu liseme jana yake, usisubiri ndoo imwagwe. Na ukialika watafiti wanne, yule asiyeongea msogelee mapema, ndiye mwenye dawa.

Karibuni mchangie, hasa walimu mliofundisha vijijini miaka ile. Wamakonde mnaotaka kunitania nawajua, tumieni Kiswahili safari hii, maana mpaka leo sijui yule babu alisema nini.