Nyama ya Kwenda Singapuri

Wiki iliyopita nilitoka matangani upande wa Molo, rafiki yangu, na tulipofika Njoro nikamwambia dereva asimame kidogo. Nilitaka tu kuona pale tulipokuwa tukikaa. Nyumba zetu za udongo hazipo, zizi halipo, ni ngano tupu mpaka macho yanachoka. Dereva akaniuliza, "Shosho, kwani hapa kuna nini?" Sikuwa na nguvu za kumweleza. Wacha nikueleze wewe.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini baba alikuwa askari wa Waingereza, na jeshi likampeleka ng'ambo, upande wa Singapuri, kupigana kwenye msitu ambao tuliambiwa mvua haikatiki. Sisi tulibaki kwenye shamba la mzungu hapo Njoro: mama, nyanya aliyemzaa baba, mimi na wadogo zangu wawili. Mama alikuwa akichuma maua ya pareto tangu asubuhi, kikapu kiunoni, kitindamimba mgongoni, vidole vya manjano. Akirudi, kuna maji ya kuchota, kuna kuni, kuna mahindi ya kusaga. Mimi nilimsaidia nilivyoweza, lakini mama yangu nikimkumbuka namkumbuka akiwa amechoka. Hata kucheka alicheka amekaa, mgongo ukutani.

Na juu ya hayo yote kulikuwa na nyama ya baba. Huko kwetu mtu akienda mbali hupelekewa nyama ya asali. Mbuzi alichinjwa, nyama ikakatwa vipande vyembamba virefu, ikaanikwa juu ya moto ikaushwe na moshi, kisha mama akaikaanga kwa mafuta yake yenyewe na kuimwagia asali. Asali ilitoka kwa kaka yake nyanya, aliyekuwa na mizinga msituni Mau, kule juu karibu na Olenguruone. Hiyo harufu, jamani! Ilikuwa inakupata ukiwa bado mtoni na mtungi kichwani. Tulikaa kando ya moto tukimeza mate, na mwisho tulipewa chungu tukikwangue. "Hiyo ni ya baba yenu," mama alisema. "Nyinyi mko nyumbani." Halafu tukala ugali na mboga za porini, kama jana.

Tangu zamani nyama hiyo iliwekwa kwenye kibuyu chenye kifuniko cha ngozi, na kwa baridi yetu ilikaa hata mwaka. Lakini posta hawakutaka kibuyu. Walitaka mkebe uliozibwa kabisa, kwa hivyo mama alidandia lori la maziwa alfajiri mpaka Nakuru mjini, kwa Mhindi fundi wa bati, akazibiwa mkebe pande zote. Nyanya hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. "Nyama ikifungiwa hivyo itapumua wapi?" alinung'unika. Mama akamjibu, "Mama, na mimi nifanye nini? Posta ni yangu?" Zilikuwa siku za hali ya hatari pia, wakati wa Mau Mau. Safari moja askari wa barabarani waliutoboa mkebe waone amebeba nini, ikabidi arudi kwa fundi aanze upya. Alifika nyumbani usiku kwa miguu, akalala bila kula.

Barua za baba zilisomwa na mwalimu wa shule ya shamba, amesimama mlangoni mwetu na kofia mkononi. Zilikuwa fupi, na zote zilikuwa na maneno yale yale: nyama imefika, ni tamu sana, tuma ingine. Mama alitabasamu, halafu nikaona macho yake yakielekea zizini. Mbuzi walikuwa wanaisha. Na kitindamimba wetu alianza kubadilika: nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, akawa halii tena, anaangalia tu. Dresa wa zahanati alimwambia mama mtoto huyu anataka maziwa na nyama. Tulikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa. Nyanya akasema huyo asiguswe, hata iweje.

Barua ikaja tena. Tuma ingine. Mama alikaa na hilo neno siku kadhaa. Mwishowe akasema, "Mtu anayepigiwa risasi hawezi kunyimwa," akamchinja yule mbuzi. Nyanya alitoka nje asione. Mtoto tukamnywesha uji mtupu, bila maziwa, na kila asubuhi mama alimgusa kifuani kwanza kabla ya kumwita jina.

Baba akarudi. Uuu, alikuwa amenona! Mashavu yanang'aa, buti zinang'aa, na amefuatana na askari mwenzake aliyekuwa akielekea kwao Solai. Mama alikuwa ameficha nyama kidogo ya yule mbuzi kwenye kibuyu cha nyanya, akawawekea sahani. Yule askari akatia kipande mdomoni, akashangaa. "Kumbe ni tamu hivi! Ile ya mkebe ikifika kule ni uvundo mtupu. Tulikuwa tunaizika nyuma ya hema."

Sote tukamgeukia baba. Mgeni akajua amekosea, akaanza kutafuta kofia yake. Mama akauliza polepole, "Ulikuwa na njaa huko?"

"Hapana," baba akasema. "Jeshi linalisha. Wali, nyama ya mkebe, kila siku." Akainamisha kichwa. "Lakini mkebe ukifunguliwa, kabla ya ule uvundo, kulikuwa na harufu ya moshi wa hapa. Kidogo tu. Ningesema imeoza, mngeacha kutuma."

Mama akamchukua kitindamimba, akamweka mapajani mwa baba, ile miguu ya kuvimba ikining'inia. "Baba Watoto," akasema, hata sauti hakupandisha, "huyu alikosa maziwa kwa ajili ya pua yako."

Kisha akaichukua sahani mbele ya wanaume akatuletea sisi. Tulikula mpaka tukalamba vidole, na baba akiwa ameshika mtoto, anatuangalia.

Mtoto alipona, ingawa alichelewa sana kutembea. Baba hakurudi jeshini. Na mama hakuitengeneza tena hiyo nyama, si kwa harusi, si kwa Krismasi, mpaka Mungu alipomchukua. Nyanya naye amekwenda, mizinga imekwenda, na msitu wenyewe umekatwa nusu. Wajukuu wananiuliza, shosho, ilikuwa inapikwaje? Nimejaribu mara nyingi, na kila mara natoa kitu kigumu, kitamu ovyo. Naona aibu kuwaambia ukweli. Nilikaa kando ya moto ule kila alipopika, na macho yangu yote yalikuwa kwenye nyama. Mikono ya mama sikuiangalia hata siku moja.