Mzee Ledama na Waomba Ruhusa

Ukitaka kumwona Samuel Ledama akibadilika uso, mwombe siku mbili za kupumzika. Huyu bwana ana duka la simiti, mabati na nondo hapo Noonkopir, Kitengela, na wafanyakazi wanne anaowaita "watu wangu" mbele ya wateja na "hawa wavivu" wakishampa kisogo. Bei ya mabati ikipanda hashtuki. Lakini mfanyakazi akitamka neno ruhusa, mzee huvua miwani, akaifuta kwa shati, akaanza kumkagua kama mwizi aliyenaswa ndani ya stoo.

Dawa aliyoivumbua ni barua ya chifu. Mama yako anaumwa? Lete barua ya chifu wa kwenu. Mtoto anaripoti shule? Chifu aandike na apige muhuri. Wafanyakazi wenyewe kwao ni Siaya na Kakamega. Ili upate barua lazima usafiri, na ili usafiri lazima uwe na barua. Ledama aliona hapo amewaweza. Aliwasimulia wenzake kanisani jinsi alivyokomesha utoro dukani, akacheka hadi kikohozi kikamshika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye mwenyewe hupewa barua na chifu gani anapotoroka kwenda Mashuuru kuangalia ng'ombe wake.

Mwezi wa nane Okoth akajaribu bahati yake. Okoth ndiye anayekata nondo na kupakia simiti, mwaka wa sita huu, na kama duka hilo linasimama basi linasimamia mgongo wake. Aliomba kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Alitaka kufungua boma lake mwenyewe kule Ugenya, na kwa desturi ya Wajaluo baba ndiye humwongoza mwanawe alfajiri mpaka kwenye kiwanja, na jogoo na shoka. Babake Okoth alikuwa na miaka themanini na miwili.

"Barua iko wapi?" Ledama akauliza.

Okoth akatoa simu. Binamu yake alikuwa ameipiga picha hiyo barua, na muhuri ulionekana wazi.

"Hiyo ni picha. Mimi nilisema barua. Na jogoo mmoja anataka siku tatu za nini?"

"Boss, mzee wangu amezeeka sana."

"Atangoja December. Halafu Saturday mimi sitakuwa. Msichana wangu anaolewa. Hatuwezi toka wote."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kakenya, kifungua mimba wake, alikuwa anatolewa nyumbani Mashuuru Jumamosi hiyo. Harusi ya kanisani ingefuata baadaye, lakini kwanza binti atoke bomani kwa heshima, baba ampake maziwa na kumbariki mbele ya wazee. Kakenya alikuwa amempigia simu mara tatu wiki hiyo. Alikuwa na sababu: alimaliza miaka minne ya sekondari bila kumwona babake siku ya wazazi hata moja, kisa duka.

"Papa, utakuwa hapa saa nne? Saa tano natoka."

"Nitafika kabla ng'ombe hazijatoka," akamjibu, na siku hiyo alimaanisha.

Ilimpasa aondoke Ijumaa jioni. Mkewe na wadogo zake Kakenya walikuwa huko tangu Alhamisi. Lakini kitu kilikuwa kikimwasha: Okoth hakuwa amelalamika. Alikuwa ameitikia tu "sawa boss" na kurudi kwenye nondo zake.

"Amekubali haraka sana," Ledama akamnong'oneza Jentrix, keshia wake. "Huyo kesho hakuji. Anangoja nitoke."

"Mzee, si uende tu? Asipokuja nitakupigia."

"Wewe ndio utamficha."

Basi mtu mzima, mwenye binti wa kuoza, akalala Kitengela ili amvizie mkata nondo. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameegesha gari nyuma ya rundo la kokoto karibu na duka, amevaa suti na shuka yake nyekundu begani, fimbo imelala kiti cha nyuma. Okoth huingia saa moja na nusu. Saa moja na nusu ikapita, Okoth hayuko. Saa mbili, hayuko. Aibu iliyoje, mzee akafurahi! Akatoa karatasi na kuanza kuandika barua ya kumfukuza kazi, akiichagulia maneno kwa raha kabisa.

Saa tatu Jentrix akagonga dirisha la gari. "Mzee, umechelewa."

"Namaliza."

Saa tatu na nusu lori likaingia, Okoth ameketi juu ya mifuko, uso mweupe kwa vumbi la simiti. Aliposhuka na kumkuta mzee na shuka yake, alishangaa kikweli.

"Boss, bado uko? Si ulinituma Thursday, ati leo nianzie Athi River nichukue simiti? Nimekuwa kwa foleni tangu saa kumi na moja."

Kweli Ledama alikuwa amemtuma, kisha akasahau. Mtu mwingine angecheka, aombe radhi, awashe gari. Ledama, ili asionekane mjinga, akaamuru mifuko yote ihesabiwe mbele yake. Ikahesabiwa. Ilikuwa kamili.

Ndugu yake Parsaoti alimpigia Ledama akiwa njiani, hata Isinya hajafika.

"Sopa," akamsalimu kwa Kimaasai. "Uko wapi?"

"Epa. Nimekaribia."

"Wazee wanasema hawangoji. Nisimame mahali pako?"

"Simama," akasema.

Alifika gari likiwa limejaa vumbi mpaka ndani. Watu walikuwa wamesimama kwenye lango la boma, wameelekea upande mwingine, na mbele yao Kakenya alikuwa akienda taratibu nyuma ya mumewe, kichwa kimeinama, shanga zikilia. Ledama akakimbia, suti na yote.

"Kakenya! Kakenya!"

Shangazi mtu akamshika mkono kwa nguvu. "Nyamaza wewe! Unataka ageuke?"

Bibi harusi wa Kimaasai akishatoka langoni hageuki nyuma, hata nani amwite. Ledama alilijua hilo tangu utotoni. Kakenya alisikia, maana watoto wa jirani walio mbali zaidi yake walisikia, na hakupunguza mwendo.

Parsaoti alikuwa bado ameshika kibuyu, maziwa yamemkaukia vidoleni. Ledama akamtazama, akakohoa, akarekebisha shuka.

"Aliniulizia?"

"Hapana," Parsaoti akasema. "Hakuuliza."