Ami, Keti Kwanza

Enzi zetu, sisi tuliokulia Takaungu, mtoto mchanga alikuwa wa mtaa mzima, na mtaa mzima haukumpenda kwa uchache. Alifinywa mashavu, akabusiwa hata pumzi zikampaa, na wanaume walimrusha juu wakamdaka huku wakicheka. Tulidhani huko ndiko kupenda.

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka kumi na sijauona mlango wa darasa, kwani kazi yangu ilikuwa kumlea ndugu yangu Faraji. Hadi leo nakumbuka harufu ya mafuta ya nazi utosini mwake, na joto lake mgongoni ndani ya mbeleko. Mwezi wa Julai, akiwa na miezi mitatu, Ami Athumani, kaka mkubwa wa baba, alimrusha hadi karibu na boriti. Alipomdaka, shingo ilikwenda nyuma, na mtoto akanyamaza kwa muda ambao kwangu haujaisha. Kisha akalia. Mama alimpokea, akaingia naye ndani. Angemkanyaje shemeji yake mkubwa?

Bibi, aliyekuwa akikuna nazi, akatoa amri jioni ile ile.

"Nyumba hii mtoto hapewi mtu aliyesimama. Na wewe Mwanaidi ndiwe utakayesema. Ukisema wewe, Athumani atacheka. Nikisema mimi, atanuna mwaka mzima."

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, Ami alirudi kutoka kazini Mombasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia mikono ikiwa imeshanyoshwa.

"Marahaba. Nipe huyo simba wangu."

"Ami, keti kwanza."

"Loo! Nimekuwa mgonjwa, hata niketishwe?"

Kumkatalia mkubwa sikufunzwa. Basi nikaketi mimi, pale mkekani, Faraji mgongoni, fundo la mbeleko nimelikamata kwa mikono miwili. Ami akamtazama Bibi. Bibi akaendelea kukuna nazi. Pandikizi lile la mtu likavua viatu, likashuka taratibu, magoti yakialika, likanyosha miguu. Nikamlaza Faraji mapajani mwake.

Mtoto akalala. Ami hakuthubutu kusogea mpaka adhana ya alasiri.

"Mwanaidi," alininong'oneza, "miguu imekufa ganzi. Nifukuzie nzi, asije akaamka."

Januari 1986 niliingia darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzangu wote. Faraji alikuwa ameshajua kukimbia.

Siku hizi vijana wetu hupokezana mtoto ili wapigwe naye picha, wakimgeuza huku na huku kama wanaochagua embe. Ukiwakanya, wanakwambia hayo ni ya kale. Marehemu mume wangu aliketi bila kuambiwa, kwa watoto wetu wote wanne. Waketio wamepungua.

Mwezi uliopita Faraji alikuja kumwona mjukuu wangu. Sasa yeye ndiye pandikizi la mtu. Huinama kupita mlangoni. Nyumba ina makochi, lakini aliyapita yote, akavua viatu, akashuka sakafuni, akanyosha miguu.

"Dada," akasema, "nimeshaketi."