Upande wa Mashariki Haupandiki

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika mwenyewe: "Upande wa mashariki haupandiki." Iko kwenye ukurasa wa thelathini na moja wa kitabu changu cha kumaliza chuo, kinachohusu kilima kidogo cha mawe karibu na Katana. Nilikitetea mbele ya maprofesa watatu, nikapewa alama nzuri, mama akapika kuku. Hakuna aliyeniuliza kama niliwahi kukipanda kilima chenyewe. Sikuwahi. Nilikichunguza chote kwenye simu, kwa picha zilizopigwa kutoka angani, nikiwa nimekaa sebuleni kwetu Bukavu.

Kisha profesa wangu, aliyeanza kuniita "msaidizi wangu" ingawa barua ya kazi alikuwa hajaisaini bado, akataka Jumamosi tupeleke huko wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Wewe utatangulia," alisema. "Unakijua kuliko mtu yeyote." Nilitabasamu. Nikiogopa huwa natabasamu sana.

Alhamisi nilienda peke yangu kutafuta njia. Nilikuwa nimechora tatu kwenye karatasi, kila moja na rangi yake. Ya bluu iliishia kwenye ukuta wa mtu. Ya kijani iliishia kwenye matope, yakanivua kiatu. Nyekundu, ile ya magharibi niliyoisifu kitabuni, ilifika kwenye mwamba uliosimama wima, mrefu kuliko nyumba yetu. Kwenye simu mwamba ule ulikuwa kivuli tu.

Nikazunguka hadi mashariki, si kwa matumaini bali kwa aibu, maana huko hakukuwa na barabara ya watu kuniona. Nikamkuta maman mmoja akipalilia maharage nyuma ya nyumba yake.

"Papa, unatafuta nini apa?"

"Minatembea tu, maman."

"Mutu wa kutembea tu hashikake makaratasi. Unataka kupanda?"

"Ndiyo. Lakini huku hakuna njia."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Nani alikuambia vile?"

Nikakunja makaratasi yangu. Aliyeniambia nilikuwa mimi mwenyewe.

"Njia iko mu lupango yangu," alisema akionyesha ua wa nyumba yake, "apa nyuma ya mbuzi. Unapiga hodi, unapita. Ulisomaka?"

"Ndiyo, maman. Jiografia."

"Ile iko nini?"

"Ni... kujua milima."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Halafu akajitwika kikapu cha mbolea, akatangulia. Mimi nilipanda kwa mikono na magoti. Yeye hakugusa hata jiwe moja, na njiani alinieleza bei ya mbegu. Juu kabisa, mahali ambapo ukurasa wa thelathini na mbili unataja "kilele kitupu," alikuwa na mistari sita ya viazi vitamu.

Nilirudi nyumbani na wasiwasi mpya. Ningeweza kuwapeleka wote magharibi, tukwame pamoja kwenye mwamba, niseme mvua iliharibu njia. Kitabu kingebaki salama, na barua yangu ya kazi pia. Kama ningewapeleka mashariki, profesa angeona kwa macho yake kwamba msaidizi wake hakuwahi kufika. Nilifikiria hata kuugua. Nilichagua malaria, nikaanza kujiuliza kama homa yangu ingeaminika.

Jumamosi profesa alishuka garini wa kwanza, kitabu changu kwapani. Wanafunzi wakaanza kuelekea magharibi bila kuambiwa, kwa sababu, kwa bahati mbaya, walikuwa wamekisoma. Niliwaita warudi. Nikamwomba profesa kitabu na kalamu, nikafungua ukurasa wa thelathini na moja, nikaikata ile sentensi mbele yake, mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Niliiandika kabla ya kufika huku," nilisema.

Alitazama ukurasa, akanitazama mimi. "Sasa njia anaijua nani?"

Nikaenda hadi kwenye lupango ya yule maman, wote wakinifuata nyuma, nikapiga hodi.