Ndege Ilitua, Mdogo Wangu Akafeli

Mimi ni msusi, na msusi asiyeuliza maswali hana wateja. Watu hudhani wanakuja kwangu kwa ajili ya mikono. Wanakuja kwa ajili ya mdomo. Mdogo wangu ni kinyume changu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Shuleni alikuwa hanyooshi kidole mpaka ahakikishe hakuna mwingine anayetaka kusema. Halafu mtu huyohuyo, jamani, akaenda kusomea urubani, akafaulu, akapewa kiti cha rubani msaidizi kwenye ndege ya abiria. Nilijivuna mtaa mzima mpaka watu wakanichoka.

Kwa hiyo alasiri moja alipoingia saluni na sare yake, akapita bila salamu hadi kiti cha kuoshea nywele, akajilaza pale kichwa kikiwa ndani ya sinki kavu, nilijua kuna jambo.

"Nimefeli, dada."

"Umefeli nini?"

"Kutua kwenye ukungu."

Moyo ukanilipuka paa. "Ndege imeanguka?"

"Haikuanguka. Imetua vizuri tu, juu ya mstari wa katikati kabisa."

Nikabaki na chanuo hewani. Mteja wangu, mama mmoja mwalimu wa hesabu ambaye nilikuwa nimeshamsuka nusu ya kichwa, akageuka na ile nusu nyingine ikiwa timtim. "Ndege imetua salama, na wewe umefeli?" akauliza. Ebo! Hata swali langu nikaporwa.

Ikabidi tuelezwe taratibu. Kwanza haikuwa ndege ya kweli. Marubani hupelekwa kwenye chumba kilichotengenezwa sawasawa na sehemu ya mbele ya ndege, kimewekwa juu ya miguu ya chuma inayokiyumbisha, na madirisha yake yanaonyesha picha ya nje. Humo ndimo wanamopimwa, wakubwa kwa wadogo. Siku hiyo madirisha yalionyesha weupe mtupu.

"Sasa rubani asiyeona anatuaje?" nikauliza. "Kwa kukisia?"

"Hakisii, dada. Wala hatui yeye. Inatua ndege yenyewe."

"Weee!"

Akainuka kwenye sinki, maana habari za ndege ndizo pekee zinazomfungua mdomo. Akachukua brashi yangu ndefu, akailaza mezani iwe njia ya kutua ndege. Akaweka kibanio kimoja mwisho wa brashi, na kingine pembeni, karibu na mwanzo wake. Akasema hivyo ni mitambo inayorusha mawimbi ya redio. Cha mwisho kinaiambia ndege kama imekwenda kushoto au kulia, cha pembeni kinaiambia kama iko juu mno au chini mno. Ndege haioni kitu, inasikia tu, na mtambo wake wa kujiendesha unafuata mawimbi hayo mpaka magurudumu yaguse chini.

"Kumbe nyinyi kazi yenu ni kukaa tu," akasema mwalimu.

Mdogo wangu hakuchukia. Alisema karibu na ardhi, kapteni, aliye kiti cha kushoto, anainua macho na kutafuta taa za njia ndani ya ukungu. Msaidizi, aliye kulia, haruhusiwi kuchungulia nje hata kidogo. Macho yake yanabaki kwenye vipimo mpaka mwisho, kwa sababu wote wawili wakitafuta taa, hakuna atakayeona sindano ikihama. Nikamwambia mimi ningechungulia. Akacheka kidogo, akasema kila mtu hutaka kuchungulia, na ndiyo maana wanafundishwa miaka.

Kisha kinafika kimo cha uamuzi, ambapo magurudumu yako juu ya ardhi kwa urefu wa nyumba ya ghorofa chache tu. Hapo msaidizi anatamka, "Uamuzi." Kapteni lazima ajibu kwa sauti. Kama ameona taa anasema "Natua." Kama hajaziona anasema "Napaa," na ndege inapandishwa juu ijaribu tena. Asipojibu kitu hata akiitwa mara ya pili, msaidizi anaichukua ndege papo hapo na kuipandisha yeye.

"Na wewe ulifanyaje?"

"Nilitamka. Kapteni akanyamaza. Nikamwita. Kimya. Mtahini alikuwa amemwambia ajifanye amezimia."

"Ukafanya nini, wewe mtoto?"

"Nikasubiri."

Na walipokuwa wakisubiri, yeye na kapteni aliyezimia kwa kuagizwa, ndege ikatua yenyewe, laini kabisa. Nikasema basi huyo mtahini ana roho mbaya, kwani kosa liko wapi? Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Aliniuliza swali moja tu, dada. Nani ameamua tutue? Si mimi, wala si kapteni. Mtambo haujui kama kuna ndege nyingine imekwama pale njiani. Haujui kama kapteni yu hai. Unashuka tu kwa sababu hakuna aliyeukataza."

Mdogo wangu akaongeza kwamba amepewa nafasi moja tu ya kurudia, wiki inayofuata. Akifeli tena, kiti chake cha kulia hana, na kazi hana.

"Lakini kwa nini hukuichukua?"

"Kutoka kwa Kapteni Marashi?" akasema, na akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili.

Kapteni Marashi tulikuwa tunamjua kwa sifa. Ndivyo vijana walivyomwita nyuma ya mgongo wake, maana harufu yake nzuri ilitangulia mlangoni kabla yake. Mzee wa heshima zake, amebakiza muda mfupi astaafu, na nusu ya marubani wa kampuni wamepita mikononi mwake. Alikuwa anamwita mdogo wangu "mwanangu." Mzee kama huyo, unamnyang'anyaje usukani?

Jioni ile nikapanga viti viwili vya mezani sebuleni, nikageuza beseni la kufulia liwe dashibodi. Mimi nikawa kapteni. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza, na wateja wangu waliposikia kwamba mimi ndiye niliyepewa kazi ya kunyamaza walicheka hadi machozi. Haki yao. Mara ya kwanza aliposema "Uamuzi" nilijibu "Abee" bila kujijua.

Mara ya pili nikaziba mdomo kwa kiganja. "Uamuzi," akasema. "Kapteni?" Nikakaza macho mbele. Akanyoosha mkono auondoe wangu kwenye mwiko tuliokuwa tumeufanya usukani, na mkono ukakwama hewani. Nikashindwa kuvumilia.

"Kapteni amekufa, wewe! Unasubiri matanga?"

Tukacheka wote wawili, halafu yeye akaanza kulia. "Dada, sisi tumelelewa mkubwa akinyamaza, mdogo anasubiri. Huwa namwona anafikiri. Naona nitamkatiza."

Nilimwonea huruma na nikamkasirikia hapohapo, maana aliyoyasema ni kweli. Hata mimi na mdomo wangu wote, sijawahi kumkatiza mzee aliyenyamaza. Nikamuuliza, "Sheria inataka uite mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi si umeshamheshimu mara mbili? Heshima ya tatu ni ya nini, unamwekea akiba?"

Tukarudia, na kurudia, mpaka akawa ananipiga kofi la mkono kwa "Nachukua mimi!" na kujitupa nyuma kwenye kiti kama pua ya ndege inayopanda. Mkono wangu uliwasha kwa siku kadhaa, lakini sikulalamika.

Siku ya mtihani nilifunga saluni nikampeleka mwenyewe. Nilitaka kukiona hicho chumba, nisije nikasimuliwa tu. Kulikuwa na korido yenye kioo kirefu, na upande wa pili, ndani ya ukumbi mkubwa, kidude cheupe kisicho na madirisha kwa nje kimesimama juu ya miguu yake ya chuma. Marashi yakafika, halafu mwenyewe akafuata.

"Shikamoo, kapteni," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Leo na mimi napimwa, zamu yangu imefika. Tuombeane."

Wakaingia na mtahini, daraja la kuingilia likaondolewa, kidude kikaanza kupumua na kuyumba. Nikabandika pua kwenye kioo. Niseme ukweli, nilikuwa na hofu, lakini udadisi ulikuwa umeishinda hofu. Kilitikisika kidogo, kikatulia, kikaenda polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Nikajua wanashuka. Nikajikuta nanong'ona, "Uamuzi, uamuzi, sema uamuzi."

Ghafla pua ya kile kidude ikainuka juu. Ikainuka haswa!

"Amechukua!" nikapiga kelele.

"Mama," mlinzi akaniambia, "hapa si uwanja wa mpira."

Walipotoka, Kapteni Marashi alitangulia. Alinipita bila kunitazama, uso umemshuka, akaingia chumba cha pili na mtahini na mlango ukafungwa. Mdogo wangu akabaki darajani, anafuta macho kwa ncha ya tai.

"Umefeli tena?"

"Nimefaulu."

"Sasa unalia nini, nawe? Cheka basi!"

"Kapteni ndiye aliyefeli. Nimemfelisha mimi."

Nikamvuta hadi kwenye benchi anieleze. Alitamka "Uamuzi," kapteni akanyamaza. Akamwita, kimya. Akaamini mtahini amemwambia ajifanye amezimia, kama mara ile. Akasema, "Nachukua mimi," akamwondoa mkono, akapandisha ndege. Na hapo kapteni akageuka akamuuliza kwa mshangao, "Unafanya nini, mwanangu? Nimeshasema natua."

Hakuwa amesema. Wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Taa alikuwa ameziona, ameinamia kioo cha mbele anazitazama, na neno alilisema moyoni. Aliapa kwamba amelitamka, mpaka mtahini alipowasikilizisha sauti zao zilizorekodiwa. Ikasikika ya msaidizi mara ya kwanza, ikasikika mara ya pili, na katikati hakuna kitu.

"Ningejua hajaambiwa, dada, nisingethubutu kumgusa," akasema. "Nisingethubutu kabisa. Ningekaa tu, tukashuka."

Nilikuwa nimekuja kushangilia, na sasa nilikuwa namwona mzee wa watu nyuma ya ule mlango, miaka yote hiyo angani, anarudishwa darasani kwa neno moja. Nilimhurumia sana. Na papo hapo nikawaza abiria, na ukungu wa kweli, na mtu anayedhani ameshasema.

Mlango ukafunguka. Kapteni Marashi akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu. Mdogo wangu akasimama haraka, mikono nyuma. "Nisamehe, kapteni. Sikujua kama—"

"Kaa," akasema mzee.

Akakaa.

Na yeye akakaa kando yake, pumzi zikimtoka kwa shida kidogo, akatoa leso akapangusa shingo. "Nimeambiwa nirudie wiki ijayo," akasema. "Nimemwomba mtahini jambo moja, akakubali. Kiti cha kulia ukae wewe."

Mdogo wangu akamtazama, macho yamemtoka. "Mimi, kapteni? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nimekaa pale ndani nikawahesabu wengine. Wale wote niliowafundisha. Wananipenda, wananiamkia, wananibebea mkoba." Akakunja leso ikawa ndogo. "Nimemtafuta mmoja ambaye leo angeniondoa mkono, sikumpata. Wangeniacha nife pale kitini, mwanangu, kwa heshima."

Mlinzi alikuwa ametusogelea, akarudi nyuma.

"Na safari hii unajua," mzee akaendelea, "sitakuwa nimeambiwa ninyamaze. Nikinyamaza ni mimi mwenyewe. Utanifanyaje?"

Mdogo wangu alimgeukia mzee. Nilitaka kumjibia, Mungu anajua nilitaka, nikauma ulimi.

"Nitakuita mara mbili, kapteni," akasema. "Kisha nitakunyang'anya."