Fundi Asiyependa "Subiri"

Fundi wetu wa programu halipendi neno "subiri". Tangu karani achomoe waya katikati ya kunakili mafaili, akidhani mashine imekwama, kila programu yake husema imefika wapi: asilimia inayojifuta na kujiandika palepale, kwenye mstari uleule wa skrini nyeusi. Huitazama kwa raha, viatu kavivua, kucha zikigonga meza. "Mtu mwambie ukweli," hutuambia, "atangoja bila kinyongo." Jana jioni skrini ilionyesha asilimia kumi na mbili, mama yake akapiga simu: chakula kinapoa, yuko wapi? "Nipo hapo kwenye kona, mama, naingia," akajibu, mguu ukipapasa kiatu chini ya meza. Karani akapiga funda la chai, akaitazama skrini. "Kumi na tatu," akasema.