Wino wa Kijani Mgongoni mwa Kitabu

Mama mdogo alikuwa fundi wa vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba yetu. Mimi nilikaa mbele, nikiazimisha. Yeye alipokea vilivyorudi vimechanika, akavishona kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta, akavibana kati ya mbao mbili hadi gundi ikauke. Shule aliiacha mapema, lakini alisoma kila alichokishona. Msomaji akirudisha kitabu chenye alama ya kikombe juu ya jalada, alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, chai yenyewe ilikolea sukari?"

Kwa miaka minne aliandika kitabu chake mwenyewe, kuhusu kazi hiyo: jinsi ya kutambua gundi iliyooza kwa kuinusa, jinsi ya kurudisha ukurasa ulioanguka bila kuwaumiza wenzake. Aliandika kwa mkono, kwa wino wa kijani, kwenye karatasi nzito. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Akamkabidhi baba yangu, shemeji yake, mhariri katika kiwanda cha uchapaji ng'ambo ya barabara.

"Shemeji, mtoto wangu umemfikisha wapi?" alimtania kila alipokuja kwetu Jumapili.

"Anasomwa, shemeji. Wasomaji wangu wagumu."

"Wagumu, au wamelala?"

Tulicheka wote. Miaka sita tulicheka.

Asubuhi moja kikarudi kitabu cha jiografia kilichochapwa na kiwanda cha Baba, mgongo umebanduka. Ili mgongo ukaze, mafundi hubandika ndani yake vipande vya karatasi isiyotakiwa tena. Mama mdogo aliilowesha gundi ya zamani, akaanza kuvibandua. Kwa kawaida alifanya kazi akijisemea. Niliposikia amenyamaza, nikaenda kumtazama.

Vipande vinne vilikuwa mezani, kila kimoja upana wa vidole viwili, vyenye mwandiko wake wa kijani. Kimoja kilisema, "usiharakishe kukata, kwa sababu". Kiliishia hapo.

Alinituma nimwite Baba. Baba akaja, akasimama mlangoni, akaviona.

"Karatasi ziliadimika wakati ule," alisema. "Fundi wetu alitaka nzito. Nilidhani umebaki na nakala."

"Ulikisoma?"

Baba akatazama dirisha.

"Nakuuliza wewe, bwana mhariri. Hata ukurasa mmoja?"

"Nilikusudia, shemeji. Kazi zilinizidi."

Baba alisubiri kidogo, kama mtu anayetegemea kufukuzwa, kisha akaondoka mwenyewe.

Mama mdogo akajaribu kuvipanga vile vipande. Havikufuatana, vilitoka kurasa tofauti. Akaviacha, akanigeukia.

"Na wewe ulijua?"

Habari ya kukatwa sikuijua, na ningeweza kuishia hapo. Lakini mwaka wa pili wa kusubiri kwake niliuona muswada wake juu ya kabati la Baba, utepe aliofungia mwenyewe haujaguswa, vumbi limeukalia. Nilinyamaza, Jumapili zetu zisije zikaharibika. Nikamwambia hivyo, kama ilivyokuwa.

Alifunika kopo la gundi taratibu, akalikaza.

"Kwa hiyo pale mezani," alisema, "mlikuwa mnanicheka mimi."

Nilitaka kukataa. Akaniambia nirudi mbele, kuna watu wanasubiri kuazima.